Kuku Amepita

Nina mabuli thelathini na moja
na vifuniko thelathini.
Marehemu Doreen alikuwa akisema:
Aubrey, nyumba hii ina midomo mingi kuliko watu,
na hata mmoja haunipi chai.

Lile lisilo na kifuniko ndilo la kwanza.
Nililipata guliani Kidderminster, Jumapili ya mvua,
chini ya meza, kati ya kikaango na raketi ya tenisi.
Muuzaji, kijana mwenye mafua, alisema pauni nne,
mkono ulishavunjika.
Ulishavunjika kweli, ukashonwa kwa pini tatu za shaba,
kama kovu la mtu aliyepona zamani
na bado anajikuna.

Buluu yake ni ya wino uliomwagika kitambaani,
mwenye kitambaa akasema basi, na iwe ua.
Kuna daraja lisilofika ng'ambo.
Kuna mnara wa ghorofa tatu, kila ghorofa imeinamia kwake.
Watu wawili hawana nyuso:
mmoja ana mwavuli, mwingine ana ufito.
Ndege ni mkubwa kuliko mashua.

Aliyelichora nimemuwaza sana, usiku hasa.
Mtoto wa Worcester, tuseme miaka kumi na miwili,
vidole vimekufa ganzi, analipwa kwa dazeni.
China hajaiona. Birmingham yenyewe hajaiona.
Amewekewa sahani iliyoigwa kutoka sahani iliyoigwa,
ameambiwa: hivyo hivyo.
Usilolijua ni usiku wa giza;
yeye usiku wake akaupaka buluu,
akautia tanuruni,
ukatoka unang'aa.

Na kitakoni, alama nne.
Vijumba, vijiti, mikia.
Miaka kumi na tisa nilizitazama kama mtu atazamavyo mlango.
Nilizinakili daftarini, kwenye safu ya "maana",
nikaacha nafasi.
Huenda ni jina la mfalme, nilisema.
Huenda ni methali.
Huenda ni bei, alisema Doreen.

Baada ya mazishi nililifunga kwa skafu yake
nikalipeleka kwa Bi Kwok, akaangaye samaki kona ya posta.
Saa tano asubuhi, mafuta hayajapata moto.
Alifuta mikono, akavaa miwani,
akaligeuza kama mkunga ageuzavyo mtoto.
Kimya.
"Bwana Aubrey, hapa hapajaandikwa kitu."
"Hata neno moja?"
"Hili linataka kuwa shamba, limeshindwa.
Hili ni dirisha.
Haya mawili ni kuku amepita."

Kisha akaliinua kwenye mwanga wa dirisha.
"Na huyu, mbona anavua samaki juu ya paa?"

Ni paa.
Miaka kumi na tisa nikiliita bwawa.
Bi Kwok alicheka hadi akashika kaunta,
nami nikacheka, mara ya kwanza tangu Machi,
kicheko kikanitoka na kutu.

"Linamimina?" aliuliza.
Haki ya Mungu, sikujua.
Buli unalinunua, unaligonga kwa ukucha na kusikiliza,
unalipima, unalifuta vumbi kwa brashi ya kunyolea,
unalifungia kwenye kabati la kioo.
Kumimina, hapana.

Akalipasha kwanza kwa maji ya vuguvugu, taratibu,
akijua kitu ambacho mimi sikukijua,
kisha majani, kisha maji yaliyochemka.
Akalifunika kwa kisahani cha siki.
Kikakaa.

Mdomo ulidondosha. Chai ilifuata kidevu cha buli,
ikashuka tumboni, ikapita juu ya mvuvi na paa lake,
nyingi mezani, kidogo kikombeni.
Bi Kwok akatandika gazeti.
"Zuri," alisema. "Limekosea kila kitu."
Tukanywa. Ilikuwa na harufu ya mbali ya siki.

Usiku ule nilifungua daftari,
kwenye safu ile, mbele ya namba moja,
nikaandika kwa kalamu ya wino, si ya risasi:
kuku amepita.